Matiti yenye msongamano: urithi ambao kipimo cha BRCA hakiuoni

Chukua mamogramu mbili (picha za eksirei za matiti) za wanawake wenye umri mmoja, uziweke ubavu kwa ubavu kwenye skrini. Ya kwanza ni nyeusi karibu yote, imekatizwa na nyuzi chache nyembamba nyeupe zinazoelekea kwenye chuchu. Ya pili imetanda weupe kama wingu zito la mvua. Ule weusi ni mafuta, ambayo eksirei huyapenya bila shida. Weupe ni tezi za maziwa, mirija yake na tishu unganishi zinazoishikilia, na hizo huizuia eksirei. Uvimbe wa saratani nao huizuia eksirei, kwa hiyo nao hutoka mweupe. Kwenye picha ya kwanza, uvimbe wa milimita 8 unaonekana kama punje ya mchele juu ya kitambaa cheusi. Kwenye ya pili, uvimbe uleule unaweza kujilaza ndani ya weupe, na mtaalamu wa radiolojia akapita juu yake ingawa macho yake ni mazima na kazi anaijua.

Kiasi cha huo weupe ndicho kinachoitwa msongamano wa tishu za matiti. Unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na watu wengi wanalijua moja tu. La kwanza, unaificha saratani. La pili, wenyewe ni kihatarishi: mwanamke mwenye weupe mwingi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata saratani ya matiti, hata ukiliweka kando suala la kuificha. Kisha kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha, nalo ni kwamba msongamano unarithiwa, na unarithiwa kwa njia yake, mbali kabisa na njia ya jeni za BRCA, zile ambazo zikiharibika huinua sana hatari ya saratani ya matiti. Kwa hiyo mwanamke anayeambiwa "jeni zako hazina tatizo" au "mamogramu yako iko sawa" bila kuambiwa msongamano wake ukoje, amepewa nusu ya jibu. Nusu hiyo ina madhara, kwa sababu inamtuma nyumbani akiwa ametulia.

Kwanza tuondoe dhana moja potofu. Msongamano haugusiki. Titi gumu, titi lenye vinundu, titi dogo au lililosimama, hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kukuambia kilichomo ndani. Titi laini kabisa kwa mkono linaweza kuwa jeupe tupu kwenye picha. Picha pekee ndiyo inayojua.

John Wolfe, daktari wa radiolojia wa Detroit, ndiye aliyepanga mamogramu katika makundi manne mwaka 1976 na kudai kwamba sura ya titi kwenye picha inatabiri saratani. Alibishiwa kwa miaka mingi. Leo makundi yanayotumika ni ya BI-RADS, mfumo wa kuripoti mamogramu: A ni titi la mafuta matupu, B lina tezi zilizotawanyika hapa na pale, C lina weupe mwingi usio sawia, D ni jeupe mno. Katika wanawake wanaopimwa, takriban 10 kati ya 100 huwa A, 40 huwa B, 40 huwa C, na 10 huwa D. Makundi C na D ndiyo yanayoitwa matiti yenye msongamano. Maana yake, karibu nusu ya wanawake wamo, na kuwamo si ugonjwa.

Herufi hizo hutolewa kwa jicho la binadamu, na jicho hutofautiana. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wataalamu 83 wa radiolojia nchini Marekani waliosoma mamogramu zaidi ya 216,000. Mmoja wao aliwaweka asilimia 6 tu ya wanawake kwenye C na D. Mwingine aliwaweka asilimia 85. Tatizo kubwa liko mpakani, kati ya B na C. Ndiyo maana mwanamke anaweza kuwa B mwaka huu na C mwaka ujao pasipo chochote kubadilika mwilini mwake, kilichobadilika ni msomaji. Programu za kompyuta zinazopima ujazo wa tishu hupunguza myumbo huo. Pale zilipo, majibu yake yanafaa kuaminiwa zaidi ya herufi iliyotolewa kwa kukadiria.

Tulijuaje kwamba jambo hili linarithiwa? Kwa pacha. Pacha wanaofanana wana jeni zilezile; pacha wasiofanana wanashiriki nusu ya tofauti za jeni, kama dada wengine wowote. Ikiwa sifa fulani inaletwa na malezi na chakula cha utotoni, aina zote mbili za pacha zitafanana kwa kiasi kilekile. Mwaka 2002 Norman Boyd wa Toronto, John Hopper wa Melbourne na wenzao walichapisha kazi yao juu ya pacha wa Australia na Amerika Kaskazini, wakipima asilimia ya weupe kwenye mamogramu. Kwa pacha wanaofanana, uwiano (0 ni kutofuatana kabisa, 1 ni kufuatana kikamilifu) ulikuwa 0.61 Australia na 0.67 Amerika Kaskazini. Kwa wasiofanana ulikuwa 0.25 na 0.27. Pengo hilo ndilo kiini cha hesabu. Baada ya kuondoa mchango wa umri, uzito wa mwili, uzazi na mengineyo yaliyopimwa, walikadiria kwamba asilimia 63 ya tofauti zilizobaki kati ya mwanamke na mwanamke zinatokana na jeni.

Takwimu hiyo huelezwa vibaya mara kwa mara. Haina maana kwamba asilimia 63 ya weupe wa titi lako imetoka kwa wazazi na iliyobaki imetoka kwako. Inazungumzia tofauti zilizomo katika kundi la watu: ukiuliza kwa nini huyu ana weupe wa asilimia 70 na yule ana 20, ilhali umri na uzito wao unalingana, sehemu kubwa ya jibu ni jeni. Vilevile haimfungi mtu mmoja mmoja. Binti wa mama mwenye D amechukua nusu tu ya jeni za mama huyo, na anaweza kuangukia B.

Nje ya jeni, yanayouyumbisha msongamano yanajulikana vizuri. Hupungua kadiri umri unavyosonga, hasa kipindi cha ukomo wa hedhi. Hupungua kwa kuzaa. Huongezeka kwa tiba ya homoni yenye estrojeni na projestini pamoja. Halafu kuna uzito wa mwili, na hapa pana mtego unaowanasa hata watu makini. Msongamano kwa kawaida husemwa kama asilimia: weupe gawanya kwa titi zima. Mwanamke akinenepa, mafuta ya titi huongezeka, kigawanyo kinakua, asilimia inashuka. Tezi zake ziko palepale. Kwa hiyo aliyeshuka kutoka C hadi B baada ya kuongeza kilo 12 hajapunguza hatari yake. Na kama ameshapita ukomo wa hedhi, amejiongezea nyingine, kwa sababu unene baada ya hedhi kukoma huinua hatari ya saratani ya matiti. Picha inasomeka vizuri zaidi, bila shaka, lakini hatari haikushuka. Ndiyo sababu herufi ya msongamano isiposomwa pamoja na umri na uzito wa mwenye titi huweza kudanganya pande zote mbili.

Jeni zenyewe ni zipi? Hakuna moja inayobeba mzigo mkubwa. Mwaka 2011 eneo la jeni ZNF365 kwenye kromosomu ya 10 lilithibitishwa kuhusika na msongamano, na jambo la kuvutia ni kwamba lahaja (yaani toleo la jeni) inayopunguza weupe pale ndiyo pia inayopunguza hatari ya saratani. Mwaka 2014 yakaongezwa maeneo mengine, yakiwemo ya karibu na ESR1, AREG na IGF1. Kufikia 2020, utafiti mmoja uliripoti maeneo 31 kwa mkupuo. Majina haya yana mantiki. ESR1 hutengeneza kipokezi cha estrojeni. AREG ni kichocheo cha ukuaji ambacho estrojeni hukiamsha titi la msichana linapoanza kukua. IGF1 ni homoni ya ukuaji wa seli. Kwa maneno mengine, jeni za msongamano kwa sehemu kubwa ni jeni za namna titi linavyojengwa na namna linavyoitikia homoni. Tezi nyingi na tishu unganishi nyingi ni seli nyingi zinazogawanyika kila zinapoitwa na homoni, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa.

Sasa linganisha na BRCA. Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kwamba kuna jeni ya saratani ya matiti kwenye kromosomu ya 17. BRCA1 ilipatikana 1994 na BRCA2 mwaka uliofuata. Kazi yake ni kukarabati DNA iliyokatika. Mwenye BRCA1 iliyoharibika ana uwezekano wa takriban asilimia 72 wa kupata saratani ya matiti afikapo miaka 80. Mwenye BRCA2, asilimia 69. Lakini ukizipanga mamogramu za wenye mabadiliko hayo pamoja na za ndugu zao wasio nayo, huwezi kuwatofautisha kwa weupe. BRCA haiongezi msongamano. Na miongoni mwa hao hao wenye BRCA, aliye na weupe mwingi bado yuko hatarini zaidi ya mwenzake mwenye weupe kidogo. Mmoja ni urithi wa karakana mbovu ya ukarabati, mwingine ni urithi wa ukubwa wa kiwanda. Mtu anaweza kuwa na wa kwanza, wa pili, vyote viwili, au asiwe na chochote.

Hapo ndipo makosa ya kawaida huzaliwa. Dada wawili, mama yao alikuwa na BRCA2 iliyoharibika. Mmoja anapimwa na kukutwa hana. Anapumua, na ana haki ya kupumua: mzigo mkubwa kabisa umeondoka. Lakini titi lake ni D, na kipimo cha jeni hakikuligusa suala hilo hata kidogo. Au kinyume chake: mwanamke mwenye BRCA1 anaambiwa mamogramu yake ni A, nyeusi, safi, na anaahirisha MRI yake ya mwaka, kipimo cha picha kinachotumia sumaku badala ya eksirei. Kosa hili la pili ni baya zaidi.

Kuna urithi wa tatu pia, ule wa lahaja ndogondogo nyingi, kila moja ikisukuma hatari kwa kiasi kidogo mno. Ukizijumlisha unapata alama ya hatari. Inayotumika sana ilichapishwa 2019 na inahesabu lahaja 313. Nyingi kati ya hizo hazihusiani na msongamano, kwa hiyo alama hiyo na msongamano huchangia kila kimoja kwa upande wake. Ila alama hiyo ina kasoro nzito. Iliundwa kwa data za wanawake wenye asili ya Ulaya. Lahaja nyingi katika orodha si chanzo cha hatari; ni vibao vya njiani vilivyosimama karibu na chanzo. Kwa watu wa asili ya Afrika, ambao jenomu zao zina mchanganyiko mkubwa zaidi, vipande vya kromosomu vinavyorithiwa pamoja ni vifupi, hivyo kibao na kitu kinachoelekezwa mara nyingi vimeachana. Matokeo yake alama inatabiri vibaya zaidi kwao. Mwanamke wa asili ya Afrika anayepewa alama hiyo bila kuelezwa jambo hili anapewa namba yenye sura ya uhakika isiyostahili. Msongamano hauna udhaifu wa namna hiyo: unapimwa kwenye titi lake mwenyewe, haukisiwi kutoka kwa lahaja za watu wengine. Kwangu hii ni sababu tosha ya kuupa nafasi ya mbele katika tathmini ya hatari.

Turudi kwenye ukubwa wa hatari, maana hapa vichwa vya habari huwatisha watu bure. Utafiti wa Boyd wa 2007 ulipata kwamba mwenye weupe wa asilimia 75 na kuendelea ana hatari mara 4.7 ya mwenye weupe chini ya asilimia 10. Namba ni sahihi, lakini angalia analinganishwa na nani. Walio chini ya asilimia 10 ni wachache na wana hatari ndogo kuliko kawaida. Ukimlinganisha mwenye D na mwanamke wa kawaida, hatari yake ni kama mara mbili. Tuseme kati ya wanawake 1,000 wa umri fulani, 25 watapata saratani ndani ya miaka 10. Kwa wenye D 1,000 itakuwa kama 50. Hao 50 si wa kupuuzwa, lakini 950 hawataipata.

Namba iliyonishtua zaidi katika utafiti ule ni nyingine: saratani iliyogunduliwa ndani ya miezi 12 baada ya mamogramu kusomwa kuwa safi. Kwa saratani ya namna hiyo, wenye weupe wa asilimia 75 na zaidi walikuwa na hatari mara 17.8 ya wenye weupe chini ya asilimia 10. Hapo ndipo kuficha na kusababisha vinapokutana: kuna vivimbe vipya zaidi, na picha haivioni.

Je, ukiwa na D na mama yako aliugua, unazidisha hatari ya D kwa hatari ya familia? Hapana. Sehemu ya hatari ya kifamilia inapitia kwenye msongamano huohuo uliorithiwa, kwa hiyo ukizidisha kwa mkono unahesabu kitu kimoja mara mbili. Kazi hiyo ifanywe na vikokotoo vilivyojengwa kwa ajili yake: Tyrer-Cuzick toleo la 8, au BOADICEA inayopatikana kupitia CanRisk, ambavyo hupokea historia ya familia, majibu ya jeni, uzazi, uzito na msongamano pamoja. Angalizo moja la vitendo: sehemu ya msongamano ikiachwa wazi, kikokotoo hakilalamiki. Kinaendelea na kutoa namba kana kwamba msongamano hauna la kusema juu yako. Muulize aliyekujazia.

Nini kifanyike kwa mwenye D? Ushahidi wenye nguvu umetoka Uholanzi, katika jaribio la DENSE lililochapishwa 2019. Wanawake wa miaka 50 hadi 75 wenye matiti meupe mno na mamogramu safi waligawanywa kwa kura: kundi moja likaalikwa kwenye MRI, jingine likaendelea na mamogramu pekee. Saratani zilizojitokeza katikati ya vipimo zilikuwa 2.5 kwa kila 1,000 katika kundi lililoalikwa, na 5.0 katika lile jingine. Kwa wale waliokwenda kweli kwenye MRI, ilikuwa 0.8. MRI hufaulu kwa sababu haitegemei weupe na weusi wa eksirei. Dawa ya gadolinia inayodungwa mshipani hukimbilia kwenye mishipa midogo inayovuja ya uvimbe, na uvimbe unawaka. Gharama yake ni kengele za uongo: karibu 80 kati ya kila 1,000 waliopimwa raundi ya kwanza waliitwa tena na wakakutwa hawana saratani. Anayependekeza MRI bila kulitaja hili hajatenda haki.

MRI isipopatikana, kuna ngazi. Mamogramu ya kutumia dawa ya kuangaza ilishindanishwa na MRI fupi na ultrasaundi inayoendeshwa na mashine yenyewe katika jaribio la BRAID la Uingereza, lililochapishwa 2025. Kwa wenye matiti yenye msongamano na mamogramu safi, ya kwanza ilipata saratani 19 kwa kila 1,000, MRI fupi 17, ultrasaundi 4. Kwa hiyo ultrasaundi inasaidia, ila usiichukue kama mbadala wa MRI. Tomosinthesisi, yaani mamogramu inayokata titi vipande vipande, hufaa zaidi kwa B na C. Kwa D faida yake hupungua, kwa sababu kipande cheupe kati ya vipande vyeupe bado ni cheupe.

Msongamano unashuka pia kwa dawa. Katika jaribio la IBIS-I la tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni matitini, waliopungukiwa na weupe kwa asilimia 10 au zaidi ndani ya miezi 12 hadi 18 walipunguza hatari kwa asilimia 63 wakilinganishwa na waliopewa dawa bandia. Ambao weupe wao haukushuka kiasi hicho hawakunufaika kwa namna inayoonekana. Huko Sweden, jaribio la KARISMA lilionyesha kwamba kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, miligramu 2.5 kwa siku hushusha msongamano sawa na miligramu 20, na madhara yakiwa machache. Kushusha msongamano kwa dozi ndogo hakujathibitishwa bado kwamba kunazuia saratani kwa kiwango kilekile, na dawa hii haifai kwa anayetaka kushika mimba. Isianzwe kwa ushauri wa jirani.

Jimbo la Connecticut lilipitisha 2009 sheria ya kumtaarifu mwanamke msongamano wake, kutokana na juhudi za Nancy Cappello, aliyegunduliwa saratani iliyokwisha kusambaa kwenye tezi za limfu licha ya miaka ya mamogramu safi. Marekani nzima ilifuata tarehe 10 Septemba 2024. Ni hatua njema, lakini barua anayopata mgonjwa inasema tu "una msongamano" au "huna". C na D zinatupwa kwenye kapu moja. Hapo wanawake 40 kati ya 100, ambao kwa wengi wao hatari imepanda kidogo tu, wanapata hofu ileile na 10 wanaohitaji kipimo cha ziada kwa dhati. Ripoti inayokwenda kwa daktari ina herufi kamili. Omba hiyo.

Omba pia picha za zamani ziletwe, maana mabadiliko husema mengi kuliko picha moja. Kama bado unapata hedhi, panga mamogramu wiki moja hivi baada ya siku zako kuanza: titi haliumi sana likibanwa, na weupe huwa umepungua kidogo. Na ukigusa kinundu kipya, au ngozi ikivutwa ndani, au chuchu ikitoa damu, mamogramu safi ya miezi mitatu iliyopita haiondoi shaka, hasa kwa mwenye C au D. Sehemu hiyo hiyo ipigwe ultrasaundi, na ikibaki na mashaka, ichukuliwe sampuli kwa sindano nene.